Rimu za mjomba

Juzi mwanangu alinisogezea simu. "Mama, hizi zitaingia kwenye Hilux?" Rimu nyeusi zinameta, bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Nikamuuliza zina tundu ngapi. Sita. PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya tundu za bolti? Hajui. Ofseti? Hajui. Kila moja inabeba kilo ngapi? Akasema atamuuliza muuzaji. Swali hilo la mwisho nimelirithi kwa bibi yake. Mara ya kwanza nililisikia Karatu, mwaka 2009, uani kwetu, mbele ya mjomba.

Pikapu ya mama ni Land Cruiser nyeupe, modeli ya HZJ79, injini ya 1HZ, iliyotusomesha wote kwa vitunguu vya Mang'ola. Mwaka ule bado ilikuwa na rimu zake za tangu mwanzo, zile za vipande, zenye ringi ya kufungia pembeni. Waliowahi kuziba pancha za rimu hizo wanajua. Ringi isipokaa sawasawa kwenye mfereji wake, wakati wa kujaza upepo inaweza kuruka ikaua mtu. Zetu zilikuwa zimeliwa na kutu mle ndani ya mfereji, na moja ilikuwa na ufa mwembamba ulioanzia kwenye tundu la nati. Fundi wa tairi ndiye aliyeuona, kwa sababu ya michirizi ya kutu iliyokuwa ikishuka kutoka chini ya nati. Akakataa kuijaza upepo. Mama akaamua zibadilishwe zote.

Kuzipata ilikuwa shughuli. Maduka ya Arusha yalijaa rimu za tundu 6, duara la milimita 139.7: za Hilux, za Prado, za Patrol, hata za Land Cruiser pikapu ya zamani, ile ya 75. Ya kwetu haikuwa huko. Tangu Toyota walipoitoa 79 mwaka 1999 ni tundu 5, duara la milimita 150, na tundu la katikati linalokaa kwenye habu ni milimita 110. Kwenye bolti 6 unaweza kupima kuvuka katikati, bolti hii na ile inayoitazama. Kwenye 5 hakuna bolti inayotazamana na nyingine, kwa hiyo unapima jirani kwa jirani, kisha unazidisha kwa 1.7. Fundi alimtengenezea mama kibao chenye misumari miwili iliyoachana kwa milimita 88, mama akawa anatembea nacho kwenye mkoba. Muuzaji mmoja alitutolea za tundu 5 akaapa ndizo zenyewe. Mama akaweka kibao, misumari ikashindwa kufika katikati ya tundu zote mbili. Zilikuwa za Land Rover, 165.1. Akashukuru, tukatoka.

Ndipo mjomba aliposikia.

Alifika Jumamosi mchana na lori la rafiki yake kutoka Dar. Akashusha rimu 4 za alumini zilizotoka kwenye Land Cruiser VX, zikiwa na tairi zake 275/70R16, kashata za tairi bado nzuri. Alikuwa amezisugua mpaka zinang'aa. Mwaka uliotangulia mama ndiye aliyemuuguza, kwa fedha ya vitunguu, na pale uani hakuna aliyehitaji kuelezwa rimu zile zilikuja kwa ajili gani. "Dada, pole na mahangaiko. Hizi ni tundu tano, nimehakikisha." Mama akatoa kibao. Misumari ikakaa katikati kabisa. Fundi alipoitwa akapima tundu la katikati: 110. Mjomba akapiga makofi. Mama akacheka, na mimi nikaanza kuiona pikapu yetu ikipita mjini na miguu ile mipya.

Fundi hakucheka wala hakununa. Aliilaza rimu moja kifudifudi, mgongo juu, akasugua vumbi kwa kidole gumba hadi maandishi yakatokea: 16x8JJ, yaani kipenyo inchi 16 na upana inchi 8, pembeni yake 60, halafu JWL, alama ya Kijapani ya rimu za alumini. Akayasoma kwa sauti. Akachukua ubao ulionyooka, akaulaza juu ya tairi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha akateremsha futi ya chuma hadi pale rimu inapogusana na habu. Akaihamishia futi kwenye ukingo wa rimu yenyewe, akatoa ile ziada ya tairi. Sentimita 17 na ushee. Akaivuta ile ya chuma ya zamani, akafanya vilevile. Ilikuwa fupi kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu. Hakueleza chochote bado. Akapiga jeki nyuma, akafungua tairi moja, akainua ile ya mjomba kwa magoti na kuisukuma kwenye bolti. Ikaingia vizuri kabisa. Hapo ndipo akamwita mama.

"Mama, leta mkono."

Mama akapiga goti kwenye vumbi na gauni lake la sokoni, akapitisha mkono ndani ya madigadi. Kati ya tairi na springi kidole kilipita kwa kukwaruzwa, na gari lilikuwa tupu. Fundi akamweleza taratibu: ile 60 ni ofseti, maana yake uso unaoshika habu umesogezwa nje milimita 60 kutoka katikati ya upana wa rimu, kwa hiyo gurudumu lote linaingia ndani. VX imeumbwa hivyo, habu zake na nafasi yake zinalikubali. Hii ina springi za majani pale pale tairi inapotaka kukaa. Mbele, ukikata kona hadi mwisho, itasugua.

"Si tuweke spesa," mjomba akasema, yaani kipande cha chuma kinachokaa kati ya habu na rimu. Ni jibu la mtu anayejua magari, na fundi alilipokea kwa heshima. Alikubali kwamba spesa ingelirudisha gurudumu karibu na mahali pake, na kwa upande wa beringi hakuona tatizo. "Ila spesa nayo inafungwa kwa nati zake, mzee, nati 5 kila gurudumu, na zinajificha nyuma ya rimu. Halafu nati zetu hizi za rimu ya chuma zina koni. Hii ya alumini inataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukifunga ya koni itakaza leo, kesho imelegea."

Mama bado alikuwa amepiga goti. Akauliza, "Inabeba kilo ngapi?"

Kwenye rimu hapakuandikwa. Kwenye tairi palikuwa na 114, fundi akasema hiyo ni kilo 1,180. Mama akaanza kuhesabu kwa sauti kama anavyohesabu magunia. Uzito wa nyuma wa gari lenyewe, gunia 10 za kilo 100, na lumbesa juu yake. Ikafika tani 2 kwenye ekseli ya nyuma, tani 1 kila upande. "Hapo gari limesimama," fundi akasema. Kila mtu pale uani aliijua barabara ya Mang'ola, makorongo yake na mawe yake, na jinsi upande mmoja unavyobeba mzigo wote gari likiinama.

Mama akasimama, akajifuta magoti. "Kaka, nati nisiyoiona siwezi kuikaza. Asante sana, lakini hazifungwi."

Alisema mbele ya fundi, mbele yangu, mbele ya dereva wa lori na vijana wawili waliokuwa wamekuja kutazama. Mjomba akajibu "Haya" na kuanza kuzipanga rimu moja juu ya nyingine, akizigeuza zile nyuso zinazong'aa ziangalie ndani. Fundi akataka kumsaidia, akamzuia kwa mkono. Chai ya jioni aliinywa akiwa amesimama.

Yaliyofuata hayana urefu. Arusha tulipata rimu za chuma za kipande kimoja, 16x6, tundu 5, 150, 110, uzito umegongwa kwenye chuma, kilo 1,300. Upana ule unazikubali tairi zetu za 7.50R16, kwa hiyo tairi hazikubadilishwa. Fundi alikataa tulipie kabla ya kuijaribu moja kwenye habu ya mbele, usukani ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Baada ya kilomita 100 za kwanza zote zilikazwa upya, na mama alisimama akihesabu nati. Rimu hizo zipo mpaka leo.

Rimu za mjomba alizinunua mwenye VX pale pale Karatu, kwa bei ya chini. Tangu hapo mjomba akija hutuletea sukari, vitenge, samaki wakavu. Hajaleta tena kitu cha gari, na hapandi pikapu ile. Akifika stendi huchukua bodaboda.

Nimeshamuuliza mama kama asingeweza kumvuta kaka yake pembeni kwanza, au kuziacha rimu stoo siku mbili ndipo aseme. Anasema fundi alikuwa ameshasema yote, yeye alirudia tu. Mjomba nilipomuuliza, kwenye harusi ya binti yake, alisema neno la fundi lilikuwa sahihi na hana ugomvi nalo. Kilichomuuma ni lile goti, dada yake kupiga goti kwenye vumbi kukagua zawadi. Mama hakubali kwamba alipiga goti kukagua zawadi. Anasema alipiga goti kutazama springi.