Sproketi ya nyuma ya kuchonga: nilivyohangaika mpaka nikatulia kwenye meno 42

Mi nasambaza gesi za majumbani, kituo changu kipo Goba na wateja wangu wengi wako Makongo Juu, kwa hiyo siku nzima ni kupanda na kushuka vilima. Pikipiki ni ya cc 150, niliinunua mkononi kwa mtu. Mtungi wa kilo 15 ukijaa, ukiweka na uzito wa chuma chake, unakaribia kilo 30 na mimi nabeba mitatu. Basi kwenye kilima naanza na gia moja namaliza na gia moja, klachi nimeishika nusu, harufu ya kuungua mpaka puani. Ndani ya mwaka nimebadilisha pleti za klachi mara mbili ndo nikaanza kujiuliza.

Fundi wa kijiweni akaniambia kaka, klachi unaionea bure, kahesabu meno ya sproketi, yale magurudumu mawili ya meno yanayoshika cheni, la mbele kwenye injini na la nyuma kwenye tairi. Nikapiga stendi kubwa, nikaweka alama ya chaki kwenye jino la kwanza nikahesabu taratibu, mbele 14 nyuma 38. Hesabu yenyewe ni nyuma gawa kwa mbele, 38 kwa 14 unapata 2.71, yani ile ndogo ya mbele izunguke mara 2.71 ndo tairi lizunguke mara moja. Namba ikipanda pikipiki inavuta vizuri ila mwendo unapungua, ikishuka inakimbia tambarare ila mlimani inakata pumzi.

Njia rahisi ni kupunguza jino moja mbele, 13 kwa 38 inakuja 2.92. Nilijaribu, nguvu iliongezeka kweli, ila kwangu cheni ikawa inakwaruza raba ya swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma), na kasproketi kadogo kanaikunja cheni kwa nguvu zaidi kwa hiyo vyote viwili vinaisha haraka. Nikarudisha 14, nikaamua kubadilisha nyuma.

Kariakoo nilizunguka siku nzima. Sproketi kubwa zipo, shida habu (kitovu cha tairi ambapo sproketi inafungwa), aliyeniuzia pikipiki alishafunga habu ya pikipiki nyingine na matobo ya bolti hayakubaliani na chochote. Kijana wa dukani ananiambia "bosi tunatanua matobo, inaingia tu". Nikakataa na mpaka leo nakataa, kwa sababu bolti kazi yake ni kukaza, kinachoiweka sproketi katikati ni lile tobo kubwa linalokaa kwenye habu, likipwaya hata milimita moja cheni inakaza na kulegea kila tairi likizunguka.

Ndo nikaenda Gerezani kwa wachongaji, na huko wa kwanza akanipiga hasara. Nilimwambia nataka nguvu, akasema weka 46, nikakubali bila kupiga hesabu. 46 kwa 14 ni 3.29, imepanda asilimia 21, maana yake pale injini ilipokuwa inazunguka mara 100 sasa inazunguka 121 kwa mwendo ule ule! Mlimani ilikuwa raha tupu, lakini siku nikipeleka mzigo Tegeta, Barabara ya Bagamoyo nikifika 60 injini inalia kama inaomba gia ya sita, mafuta nayo yakaanza kuisha mapema. Halafu kila nikikaza cheni, nikizungusha tairi kwa mkono upande mmoja inakuwa ngumu kama waya upande wa pili inaning'inia, kumbe tobo la kati halikuwa katikati. Na chuma chenyewe laini, miezi miwili tu meno yamelala upande mmoja yamechongoka kama pezi la papa. Iliniuma sana maana iliondoka na cheni mpya.

Safari ya pili nilimpata mzee mmoja huko huko Gerezani. Nilimpelekea habu yenyewe, sio vipimo vya karatasi, na nakushauri ufanye hivyo hivyo. Kabla ya chochote akachukua tupa akaipitisha kwenye jino la ile sproketi mbovu, unga wa chuma ukamwagika. "Unaona kijana wangu, hiki ni chuma cha geti." Akatoa bamba lingine la milimita 8, akaeleza kwamba cheni ya saizi ya 428 upana wake wa ndani haufiki milimita 8 kamili kwa hiyo sehemu ya meno lazima ashushe mpaka 7, la sivyo cheni haikai. Tobo la kati alilichonga huku anajaribisha habu kila baada ya muda, mwisho ikaingia kwa kugongwa kidogo na nyundo ya mbao. Meno akayapasha moto mpaka yakawa mekundu, akazamisha kwenye oili, akayarudisha moto kidogo yasije yakakatika kama kigae, kisha akanipa mimi tupa. Nikaisukuma, ikateleza. Haikung'ata kabisa.

Meno tulipanga 42, ni 3.00 kamili, imepanda kama asilimia 10 na nusu kutoka 38. Nililipa 60,000 ambayo ni zaidi ya mara mbili ya sproketi ya dukani, sijutii. Nikanunua cheni mpya na sproketi ya mbele mpya kwa pamoja, maana cheni iliyochoka inakula meno mapya. Ukiongeza meno manne cheni inataka pingili mbili zaidi, kwa hiyo nunua ndefu ukate. Klipu ya loki, ile inayofunga kiungo cha cheni, upande uliozibwa utangulie kule cheni inakoelekea. Mchezo wa cheni, yani kulegea kwake, nimeacha vidole viwili, na safari hii nikizungusha tairi ni sawa pande zote.

Sasa Makongo napandisha na gia mbili na mitungi yote mitatu, klachi nimeiachia kabisa. Spidi mita haijadanganya maana waya wake unatoka tairi la mbele. Pembeni ya kava nimeandika kwa rangi nyeupe 14/42, ili fundi yeyote atakayeifungua asije akanirudishia 38.