Pedali tele, mapigo hakuna

Wapiga gitaa wenzangu wa Kampala, mtanisamehe. Jana mazoezini Kabalagala tulibishana weee, pedali ipi ya mwangwi (kile kidude cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa) ni kali zaidi, mpaka umeme ukakatika. (Afadhali!) Mzee mmoja Mkongo, mgeni wetu, akachukua gitaa kavu lililopungua uzi, akaanza. Dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba juu, mguu unagonga sakafu. Kidogo tu, kijana wa rolex (chapati ya mayai) yuko mlangoni anacheza, mayai yanaungua huko nje!

Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi mwaka 1952, jamaa alikuwa na vidole viwili, gitaa kavu na sauti yake, basi. Na kadongo kamu, muziki wetu wa Uganda, je? Gitaa na hadithi ndefu, mwimbaji wake Paulo Kafeero huyo kakushika hadi mwisho.

Sipingi vifaa. Nyuzi kuukuu hazishiki tuni, na amplifaya inayokoroma ni kero. Lakini mtu anajua bei ya kila pedali, mkono wa kulia umelala! Jumamosi tunapiga bila umeme. Asiyetaka abaki na waya zake.