Nilivyoizoesha Bunduki Mpya ya Mtindo wa Zamani Kabla ya Kuingia Nayo Porini

Kwa miaka sita niliifanya kazi ya uwindaji bingwa, yaani kuongoza wateja wanaokuja kuwinda, nikibeba bunduki ambayo bolti yake, kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono ili kupakia, ilikuwa ikiisukuma risasi kuelekea kwenye chemba, nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, bila kuishika. Ni mfumo wa kawaida, bei yake ni nafuu, na kwa swala au pofu sina neno nao. Siku moja katika kitalu chetu cha uwindaji huko Rungwa, nyati dume aliyejeruhiwa na mteja alikuwa amesimama hatua arobaini hivi mbele yetu, nami nilikuwa nimekwisha kufyatua mara moja. Nilitoa ganda, nikaisukuma bolti mbele, na kabla sijaifunga mnyama akageuka. Kwa wahaka nikaivuta tena nyuma na kuisukuma upya. Risasi ya kwanza ilikuwa imebaki peke yake ndani ya chemba, ya pili ikaja kuigonga kisogoni, na bunduki ikakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Mteja alipiga tena, nyati akaanguka, na kambini usiku ule watu walicheka na kula nyama. Waliojua kilichotokea tulikuwa wawili tu, mimi na mfuata nyayo wetu, ambaye hakusema kitu ila aliitazama mikono yangu.

Marehemu babu alikuwa Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, na baba naye alifuata kazi hiyohiyo, akizunguka na bunduki nzito ya serikali kufukuza tembo waliovamia mashamba. Nilipomweleza mkasa wangu, baba hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Hiyo yako ina ukucha?" Alimaanisha ule ukucha mrefu wa chuma cha springi unaolala ubavuni mwa bolti katika bunduki za jamii ya Mauser, ile ya Kijerumani ya mwaka 1898. Katika mfumo huo, risasi ikichomoka tu kwenye magazini, sanduku la akiba ya risasi lililo chini ya bolti, kitako chake hupanda na kuingia chini ya ukucha, nao huishika tangu hapo mpaka itakapotupwa nje. Ukisita katikati ya safari na kurudi nyuma, unarudi nayo. Kosa langu la Rungwa lisingewezekana, kwa kuwa risasi ya kwanza isingeachwa chemba.

Basi nikaamua kutafuta bunduki ya namna hiyo, lakini mpya, kwa sababu zile kongwe zilizo nzima ama ni ghali mno ama zimechoka. Hapa ndipo nilipogundua kwamba mfumo huu wa kale una historia ya kufa na kufufuka. Winchester wa Marekani, ambao Model 70 yao ya mwaka 1936 ilikuwa na ukucha, waliuondoa mwaka 1964 ili kupunguza gharama za utengenezaji, na wawindaji wakawalalamikia kwa miaka mingi mpaka ukarejeshwa katika miaka ya 1990. Rigby wa Uingereza, ambao mwaka 1911 walileta risasi ya .416 (namba hiyo ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi) kwa kutumia bolti kubwa ya Mauser, walipitia mikono mingi, kisha mwaka 2013 wakanunuliwa na kundi lilelile linalomiliki Mauser na kurudishwa London, na leo bunduki zao za wanyama wakubwa zinajengwa tena juu ya M98, mfumo uleule wa 1898, inayotoka Ujerumani. Mauser wenyewe hawako tena Oberndorf, mji wao wa asili, wako Isny, hukohuko Ujerumani. Wacheki nao waliitengeneza CZ 550, nayo ya ukucha, kwa miaka mingi, wengi wetu Afrika Mashariki tukaizoea kwa kuwa mfuko uliiweza, kisha wakaisimamisha.

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza yangu, kwa sababu nina malalamiko nayo na pia nina shukrani, na sipendi moja limeze jingine. Inatosha kusema kwamba ni bunduki ya .416 Rigby, ya ukucha, iliyochongwa kutoka kwenye kipande kimoja cha chuma kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Zamani kazi hiyo ilianza kwa chuma kufuliwa, kikapita kwenye mashine nyingi moja baada ya nyingine, na mwisho mtu akakaa na tupa yake mpaka kila kitu kiteleze. Mashine za leo zinakata kwa usahihi ambao babu zetu wasingeuamini, ila yule mtu wa mwisho mwenye tupa ndiye anayepunguzwa kwanza pale bei inapotakiwa kushuka.

Kuhusu ukubwa wa risasi nilijadiliana na nafsi yangu kwa muda. Kwa wanyama hatari kiwango chetu cha chini ni .375, na .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912 ni risasi nzuri isiyohitaji kutetewa. Hata hivyo mwindaji bingwa hafyatui ili kupata nyara, anafyatua pale mambo yanapoharibika, na hapo nilitaka kichwa cha risasi kizito zaidi. Jambo lililonivutia katika .416 ni shinikizo lake, yaani msukumo wa gesi ndani ya ganda inapofyatuliwa. Ganda lake ni kubwa kupita kiasi, kwa kuwa lilibuniwa enzi za baruti ya kodaiti iliyokuwa ikipandisha shinikizo kwenye joto kali. Kwa hiyo mpaka leo kiwango chake cha juu barani Ulaya ni baa 3,250, wakati .375 inaruhusiwa kufika 4,300. Mtu anayeacha risasi ndani ya gari lililosimama juani mwezi wa Oktoba anaelewa faida ya nafasi hiyo. Ganda linatoka kwa ulaini, bolti haing'ang'anii.

Vibali vya kuingiza silaha na leseni ya Polisi vilichukua muda wake, na havina hadithi. Bunduki ilipofika Arusha, ilikuwa nzuri kuitazama: kitako cha mjozi wenye mistari ya rangi ya asali na kahawa, parafujo mbili zilizokingamishwa ndani ya mbao ili kuizuia isipasuke kwa teke la bunduki inapofyatuliwa, na sefti ya mtindo wa zamani inayofunga bolti pamoja na pini inayogonga risasi. Nilikuwa na miezi minne kabla ya msimu kufunguliwa Julai. Nilijiwekea sharti kwamba haitaingia porini mpaka nimeichosha nyumbani.

Fundi wangu wa bunduki alinitengenezea risasi bandia kumi, zisizo na baruti wala fataki ya kuiwasha, tano zikiwa na vichwa laini vya mviringo na tano zikiwa na vichwa vigumu vyenye ncha bapa, kwa sababu ncha bapa hupanda kwenye chemba kwa shida zaidi. Kila jioni, baada ya watoto kulala, nilifunga mlango wa chumba, nikakagua mara mbili kwamba hakuna risasi halisi mahali popote, kisha nikaanza kuzipitisha: polepole, haraka, bunduki ikiwa imelala ubavu, na mwisho ikiwa imepinduliwa juu chini. Nilikuwa na daftari. Jioni ya kwanza risasi mbili za mwanzo zilipita bila kosa, ila ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho kwenye magazini, iliruka kabla ya ukucha kuipata, ikasimama wima mdomoni mwa chemba. Kati ya majaribio thelathini ilifanya hivyo mara nne. Nikiigeuza juu chini, ilidondoka sakafuni, na mke wangu akagonga mlango kuuliza kama nimeanza kucheza bao usiku.

Nilidhani ni upana wa magazini. Mauser, mbunifu mwenyewe, alikuwa na kanuni yake hapo: risasi zikipangwa kwa kupishana, vitovu vyake vinapaswa kufanya pembetatu ya pande sawa, hivyo upana wa sanduku ni unene wa ganda mara 1.866. Ganda la .416 Rigby lina unene wa takriban milimita 15 chini, ambazo zinatoa 28. Ndiyo maana katika kazi nzuri za zamani kila aina ya risasi ilitengenezewa sanduku lake, wakati viwanda vingi vya bei nafuu hutumia sanduku moja kwa risasi kadhaa. Tulipima kwa kalipa, fundi na mimi, mbele na nyuma. Sanduku langu lilikuwa sahihi. Nikaona haya kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwaandikia kiwandani barua ndefu kuhusu upana.

Fundi aliingiza risasi moja tu, akainamisha kichwa na kuitazama kutoka mbele, kama mtu anayechungulia ndani ya mzinga wa nyuki. "Njoo uone, kaka," akasema. Kile kisahani kinachosukumwa na springi na kubeba risasi kina tuta upande mmoja, na tuta hilo ndilo linaloilaza risasi ya mwisho chini ya mdomo wa reli, ukingo wa juu wa magazini. Risasi za juu hushikiliwa na wenzao walio chini, ila ya mwisho haina mwenzake isipokuwa tuta. La kwangu lilikuwa limetengenezwa kwa aluminiamu laini, fupi mno, na pembe yake ilikuwa imelegea. Risasi ikawa imekaa katikati badala ya kuegemea reli. Alichonga jingine la chuma kwa mkono. Ilimchukua siku tatu, kwa sababu kila alipopunguza alisimama kujaribu, akijua kwamba chuma kilichoondolewa hakirudi. Tangu siku ile niliandika kwenye daftari majaribio 412 bila kukwama, na nusu yake ni kwa kichwa bapa.

Somo la pili lilikuwa tabia yangu, si bunduki. Katika bunduki yangu ya zamani nilizoea kudondosha risasi moja kwenye chemba kwa kidole na kufunga. Ukucha wa Mauser halisi haukuumbwa kuruka juu ya kitako cha risasi iliyokwisha kuingia. Ukilazimisha, unaweza kuuvunja. Watengenezaji wengi wa leo huuchonga mteremko kidogo ili uweze, na wangu unaweza, lakini niliamua kutoutegemea. Sasa kila risasi inapita kwenye magazini. Ilinibidi nijifunze upya, kwa macho yaliyofumbwa, kuchomoa risasi mkandani na kuibonyeza chini mpaka niusikie mlio wake.

Vilengeo vilimalizika haraka zaidi. Kwenye uwanja wa shabaha, kwa mita 50, bunduki ilipiga sentimita 12 juu ya nilipolenga. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 50, hivyo hesabu ilikuwa rahisi: kilengeo cha mbele kiongezwe urefu wa milimita 1.2, kwa kuwa ukikipandisha, mtutu unashuka. Tulifunga kirefu zaidi na kukipunguza kwa tupa, mpaka nikaweka risasi tatu ndani ya upana wa kiganja. Teke lake si la mchezo. Nilifyatua risasi halisi sita tu kwa siku, nikiwa nimesimama, kwa sababu anayeizoesha .416 akiwa ameketi kwenye meza hujifundisha woga tu.

Mwezi wa Agosti, msimu uleule, mteja alimpiga mbogo nyuma ya bega, mbogo akaingia kwenye magugu ya korongo. Tulisubiri nusu saa, tukafuata damu. Mfuata nyayo, yule yule wa Rungwa, alisimama na kushusha kiganja chini. Mbogo alitoka upande wa kushoto, pua mbele, akiwa karibu kuliko nilivyopenda. Niliipiga ya kwanza ikaingia kifuani, hakusita. Ya pili ikamvunja bega, akapiga magoti, akainuka. Sikumbuki kuivuta bolti kwa risasi ya tatu. Nakumbuka sauti yake tu, ule mkwaruzo mfupi wa chuma juu ya chuma ambao nilikuwa nimeusikia chumbani mara 412, na kisha mbogo akiwa amelala, mguu mmoja wa nyuma ukichimba mchanga.

Mfuata nyayo aliyaokota maganda matatu kwenye nyasi, akanikabidhi, na safari hii alisema. "Hii bunduki haigombani na wewe, bosi."

Nilirudi nyumbani mwezi wa Novemba nikampelekea baba aione. Aliamkiwa, akaitikia, akafungua bolti kuhakikisha ni tupu, akapitisha kidole kwenye ukucha, kisha akaigeuza juu chini na kuniomba zile risasi bandia. Alizipitisha tatu, taratibu. Ya mwisho aliirudia mara mbili zaidi. Halafu akaniuliza yule fundi anatoza kiasi gani, kwa sababu ana rafiki yake mstaafu huko Liwale ambaye bunduki yake mpya inatema risasi ya mwisho, naye amekuwa akimlaumu mjukuu wake kwamba ndiye anayeijaza vibaya.