Mawe ya Shimoni, Mawe ya Houston

Kilichoniamsha ni kimya. Ukiwa na tangi la matumbawe sebuleni, unalala na mngurumo wa pampu hadi masikio yasiusikie tena; siku unapokatika, unashtuka kama mzazi ambaye mtoto wake kanyamaza ghafla. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, saa nane hivi. Houston nzima ilikuwa giza. Theluji imefunika barabara, na mitambo ya umeme ya Texas imezidiwa na baridi. Mamilioni ya nyumba zilikosa umeme siku zile. Nikamulika kipimajoto kwa simu. Maji yalikuwa nyuzi 25.4. Moyo ukatulia, nikadhani tutavumilia.

Tangi letu linachukua lita 285. Tulilijaza miaka minne kabla, maji safi yaliyochujwa na chumvi ya kuchanganya, gramu 35 kwa kila lita, na tukasubiri miezi kabla ya kuweka chochote chenye uhai. Lililonipa furaha kuliko yote lilikuwa tumbawe la matawi, Acropora, la samawati lenye ncha za zambarau. Nililinunua kwa mtu anayeyaotesha kwake, likiwa kipande cha urefu wa kidole gumba kilichobandikwa gundi. Kufikia usiku ule lilikuwa pana kama sahani ya wali. Kila Ijumaa nilipima alikali ya maji, yaani madini yanayozuia maji yasiwe na asidi, tone moja baada ya jingine kwenye kichupa hadi rangi igeuke, maana tumbawe la namna hii linajenga mifupa kila siku na kuyanyonya maji madini yake. Alikali ikiyumba ghafla, au joto, ngozi inachunuka, na kesho yake unakuta mfupa mweupe.

Nilizaliwa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Baba alikuwa nahodha, akipeleka wageni Kisite, kwenye hifadhi ya bahari. Kwetu matumbawe ni mawe tu: jiwe hili limenichania wavu, jiwe lile lina changu. Hata mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño na miamba yetu ikageuka myeupe, Baba alirudi jioni, akakaa barazani bila kuvua kofia, akamwambia Mama, “Mawe yamevaa sanda.” Nilikuwa mdogo, nikaona ajabu jiwe kufa. Nadhani tangi langu lilianzia pale.

Basi usiku ule nilikusanya mablanketi yote ya nyumbani nikalifunika tangi pande zote. Saa nzima niko na mablanketi na kamba. Kufikia saa tisa usiku nilimpigia Baba. Kwao ilikuwa saa sita mchana, anajiandaa kwenda kuswali adhuhuri.

“Shikamoo Baba.”

“Marahaba mwanangu. Mbona usiku huo?”

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: “Hayo maji yanatembea?”

“Hayatembei, Baba. Umeme hakuna.”

“Sasa blanketi la nini? Yatembeze kwanza.”

Nililijua hilo, nimelisoma mara ngapi! Chembe za mwani zinazoishi ndani ya tumbawe hutoa oksijeni zikipata mwanga. Gizani, zenyewe, tumbawe, samaki na vijidudu vyote vya kwenye mawe wanavuta tu. Maji yaliyosimama huishiwa hewa mapema kuliko yanavyopoa. Hofu ya baridi ilikuwa imenipofusha. Nikachukua jagi la plastiki, nikawa nachota na kumwaga kutoka juu, nachota na kumwaga. Mume wangu akakumbuka ile pampu ndogo ya betri anayotumia kuweka hai kamba wake wa chambo akienda kuvua pwani ya Galveston. Tukaitumbukiza. Ule mlio wake wa mapovu, sijawahi kusikia mziki mtamu kama ule.

Kutwa Jumatatu joto likawa linashuka kidogokidogo. Jirani alitushauri tuwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba. Tulikataa, na ni vizuri tulikataa. Mjini mle watu walikufa kwa hewa ya sumu ya mikaa na jenereta. Sisi tulikuwa na jiko la gesi, linawaka kwa kiberiti. Tukapasha maji moto, tukayatia kwenye chupa za soda za lita mbili zilizofungwa vizuri, tukazielea tangini. Chupa moja ilipandisha joto kama theluthi moja ya nyuzi. Zikipoa, maji yaleyale yanarudi sufuriani, kwa sababu bomba nalo lilikuwa limekauka.

Alfajiri ya Jumanne kipimajoto kilisoma 17.8. Nikapoteza subira. Nikaweka chupa tano kwa mpigo, na kabla ya saa kuisha tulikuwa 19.6. Chupa mbili zilikuwa zimeelea pale pale juu ya lile tumbawe la samawati. Jambo hilo bado linaniuma. Baridi ililidhoofisha, lakini naamini joto nililolirushia kwa pupa ndilo lililolimaliza.

Umeme ulirudi Jumatano usiku. Safari hii sikukimbilia. Hita niliiweka 20, nikapandisha nyuzi moja kila baada ya saa sita. Taa niliziwasha kwa mbali, buluu peke yake. Samaki wote walikuwa hai. Tumbawe la minyiri mirefu, lililokuwa limejikunja lote ndani ya fuvu lake, lilitoa minyiri miwili Ijumaa asubuhi, kisha sita.

La samawati lilianza kuchunuka shinani siku hiyo hiyo. Ngozi ilikuwa inapeperuka majini kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nikalitoa, nikakata ncha zilizobaki na rangi kwa koleo, vipande saba, mbali kabisa na palipooza, nikavibandika kwa gundi kwenye vipande vya mawe. Vitano vilikufa wiki ileile. Viwili vilibaki, rangi ya kahawia iliyofifia, havikui wala havifi.

Mwezi Aprili kimoja kilitoa ncha ya zambarau, ndogo kama punje ya mtama. Nikampigia Baba kwa video, nikaisogeza simu hadi ikagusa kioo. Alitazama kimya, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Nilikuwa nimeshajiandaa kumweleza ni jiwe gani.

“Huyu bado mgonjwa,” akasema. “Msimshikeshike.”