Kifaa cha kuendesha gari kwa maji: piga hesabu kwanza

Bei ya mafuta ikipanda, hakosekani mtu wa kukwambia gari linaweza kutembea kwa maji. Anachouza ni kopo lenye mabamba ya chuma cha pua, nyaya mbili za kwenda kwenye betri na hosi inayoingia kwenye njia ya hewa ya injini. Umeme unayapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, injini inavuta. Hadi hapo hajakudanganya: gesi inatoka kweli, na ukiiwasha inalipuka kweli.

Uongo uko kwenye hesabu. Maji ni majivu ya haidrojeni, yaani yalikwisha kuungua. Kupasua lita 1 ya maji kunadai angalau yuniti 4.4 za umeme, na kwa mitambo halisi ni 5 na zaidi. Unachopata ni gramu 111 za haidrojeni, zenye joto la petroli kama lita 0.4.

Chukua kopo la mabamba 7 linalokula ampea 20 kwa volti 13.8. Hizo ni wati 276. Kwa kanuni ya Faraday, inayosema umeme kiasi fulani unatoa gesi kiasi gani, gesi haizidi sana lita 1.3 kwa dakika, na haidrojeni yake ina joto la wati 150 hivi. Gari linalokula lita 8 kwa saa linachoma petroli ya wati 71,000. Kopo limechangia asilimia 0.2. Na wati 276 hazikutoka mbinguni: oltaneta, yaani jenereta inayochaji betri ya gari, imepoteza karibu nusu, injini imepoteza robo tatu, kwa hiyo umechoma petroli ya wati 2,000 ili upate 150. Stanley Meyer wa Ohio, Marekani, aliuza ndoto hiyohiyo. Mwaka 1996 mahakama ilisema ni utapeli na kumwamuru arudishe dola 25,000 za wawekezaji wawili.

Ukiweka chumvi ya mezani ili umeme upite, unatengeneza klorini, na mabamba yanaliwa. Maji ya bomba au kisima yanaacha magaga. Kopo linataka maji ya betri yasiyo na asidi, na potashi kali (potasiamu haidroksidi) kidogo ili umeme upite. Potashi ikivutwa na povu hadi kwenye injini, inakula aluminiamu ya pistoni. Maji yakigeuka kahawia usiyamwage mferejini: yanaweza kuwa na kromiamu ya sumu kutoka kwenye chuma cha pua. Kwenye nyanda za baridi za Makete na Kitulo, usiku wa Juni na Julai maji ya kichujio, chupa ambayo gesi hupitishwa kabla ya kwenda kwenye injini, yanaweza kuganda, hosi ikaziba. Na kama hakuna rilei ya kukata umeme injini ikizimwa, kopo linaendelea kujaza gesi chini ya boneti.

Kwenye magari ya nozeli, yale ambayo kompyuta ndiyo inapima mafuta, kuna balaa jingine. Sensa ya oksijeni inaona oksijeni imezidi kwenye moshi, kompyuta inaongeza petroli. Ndipo unauziwa kifaa cha pili, cha kuidanganya sensa. Hapo ulaji unaweza kushuka kweli, kwa sababu injini inanyimwa mafuta. Subiri kupanda mlima Kitonga na mzigo uone nguvu ilivyokwenda, na valvu zinavyoungua.

Wanaopinga kwa hoja kwamba tutamaliza maji, nao wamelenga pembeni. Gari la haidrojeni la kisasa linatumia kama kilo 1 ya haidrojeni kwa kilomita 100, yaani maji lita 9, chini ya nusu ndoo. Tatizo ni umeme, yuniti 50 na kitu kwa kilo. Kwenye bwawa la umeme, tani 1 ya maji ikianguka mita 100 inatoa robo yuniti tu, hivyo kilo moja inataka tani 200 zipite kwenye mashine. Hazipotei, ila lazima ziwepo, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanategemea mto Ruaha Mkuu ule ule ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha.

Muuzaji akibisha, mpime. Jaza tenki pampu ileile, nenda Mbeya hadi Makambako na kurudi, mzigo uleule, upepo wa matairi uleule, kisha jaza tena. Rudia mara kadhaa, fyuzi ya kopo ikiwekwa au kutolewa na mtu mwingine bila dereva kujua. Dereva akijua, mguu wake unakuwa mwepesi kwenye pedeli, na kopo linapewa sifa isiyo yake.