Pete kwenye uzi wa polima: kutunga ni rahisi, kuziba ndiyo kazi

Polirotaksani ni uzi wa polima uliotungwa pete nyingi, kisha ukazibwa ncha zote mbili ili pete zisichomoke. Alfa-saiklodekstrini ni pete ya glukosi 6, tundu lake kama nm 0.47. Uzi wa polietilini glaikoli (PEG) unapita humo vizuri. Polipropilini glaikoli ni nene mno, hiyo iachie beta-saiklodekstrini, pete yenye tundu pana zaidi.

Pete moja hukaa juu ya vipashio viwili (vipande vinavyojirudia) vya PEG. Kwa hiyo kujaza gramu 1 ya PEG kungetaka pete gramu 11 hivi. Kwa uzi mrefu usihangaike kuujaza: PEG gramu 3 yenye karboksili (kundi la asidi, la kushikia vizibo) ncha zote mbili, pete gramu 12, maji ml 100 yenye 70 °C. Koroga, kisha weka kwenye friji usiku kucha. Mchanganyiko utageuka mzito na mweupe. Ukaushe kabisa, maana maji yakibaki yatakula kiamilishi (kemikali inayoamsha karboksili ishikane na kizibo) cha hatua inayofuata.

Sasa vizibo. Adamantanamini, molekuli nene isiyopita kwenye pete, hufungwa kwenye ncha kwa kiamilishi cha BOP ndani ya kiyeyushi DMF. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatumia kiyeyushi kingine, DMSO, kwa kuwa inayeyusha kila kitu. Ndiyo, inayeyusha, na pete zote zinachomoka kabla ncha hazijazibwa! DMF huacha tope, na tope ndilo tunalolitaka.

DMSO ina kazi yake baadaye. Yeyusha zao lililokwisha kuzibwa humo, mimina kwenye maji mengi: polirotaksani hutuama, pete huru hubaki majini. Rudia hadi kromatografia ya jeli (kipimo kinachotenganisha molekuli kwa ukubwa) isionyeshe kilele cha pete huru. Kilele hicho kikirudi baada ya kila usafishaji, vizibo havikushika.