Siku yangu moja: wiki ya mbalamwezi kliniki ya macho, Kigoma

Saa 1:15 asubuhi. Daladala ya Ujiji kwenda Mwanga imejaa, nimesimama. Wiki hii mwezi ni mpevu, na mtu wa Kigoma anajua maana yake: mitumbwi ya dagaa imepumzika Kibirizi na Katonga, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa. Wavuvi wako nyumbani, na ndiyo wiki yao ya kuja kupima macho.

Saa 2:00. Kabla ya chai nawasha mashine ya OCT, inayopiga picha za ndani ya jicho, na kukagua betri yake ya akiba. Umeme ukicheza katikati ya picha, unaanza upya, na mgonjwa kashachoka kukodoa macho. Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho na miwani. Miwani ndiyo inayolipa pango la kliniki, lakini chumba ninachokipenda ni hiki chenye giza.

Saa 2:30 hadi saa 4. Miwani ya kusomea, macho mekundu, wazee wawili wenye mtoto wa jicho wa kupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Tuendelee.

Saa 4:15. Anaingia mvuvi wa miaka thelathini na kitu, mkewe nyuma yake. Anayeongea ni mke. "Dokta, mwenzangu jua likizama anapapasa ukuta."

"Naona vizuri tu," mume anajibu.

Namsomesha ubao wa herufi. Anashuka mpaka mstari wa 6/6, wa macho yanayoona vizuri, bila kukwama, kisha anamgeukia mkewe: "Umesikia?"

Hapo ndipo ubao unapowadanganya wengi. Herufi unazisoma kwa kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambako zimejazana koni, seli za mwanga mkali na rangi. Seli za gizani ni rodi, nazo hazipo kabisa katikati ya kitovu hicho, zimetapakaa pembeni. Jicho lina rodi kama milioni 120 na koni kama milioni 6. Mtu anaweza kupoteza rodi nyingi sana na bado akakusomea gazeti.

Namuuliza kazi yake mtumbwini. Siku hizi anashika taa tu, nyavu kawaachia vijana.

Saa 4:40. Namtia matone ya kupanua mboni. Tukisubiri, mkewe anauliza kama mawese na maini vitasaidia. Swali zuri, maana upungufu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, hasa kwa watoto, na ukitibiwa mapema usiku hurudi kuonekana. Ila huyu anakula mawese tangu utotoni, na mjomba wake naye alikuwa akishikwa mkono usiku. Nimeshaanza kushuku ugonjwa wa kurithi.

Saa 5:15. Mashine. Inafanya kazi kama altrasaundi, ila badala ya sauti inatumia mwanga usioonekana, na inachora tabaka za retina ambayo unene wake ni kama robo milimita. Macho yangu yanakimbilia mstari mmoja mweupe upande wa chini, wataalamu huuita ukanda wa elipsoidi. Ukiwa mng'avu na haukukatika, seli za kupokea mwanga bado zimesimama.

Wake unang'aa katikati. Ukielekea pembeni unafifia, kisha unakatika, kushoto na kulia. Tabaka jeusi la juu yake, lenye viini vya seli hizo, nalo limekonda palepale.

OCT yetu haionyeshi seli mojamoja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walipiga picha za koni mojamoja ndani ya jicho la mtu aliye hai, kwa ujuzi uliotokana na darubini za kutazamia nyota. Sisi tunasoma mstari, na mwakani nitaupima tena mahali palepale nione umefupika kiasi gani. Hata tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ambayo ni ya hitilafu za jeni moja tu, RPE65, inahitaji seli zilizo hai. Zilizokufa haizifufui.

Saa 6:00. Namwonyesha picha yake. Kimya, halafu: "Kwa hiyo nisiende ziwani?"

"Mchana nenda, kaka. Usiku hapana." Namwandikia rufaa ya Dar es Salaam, wakampime uwanja wa kuona na umeme ambao retina hutoa ikimulikwa, kwa sababu picha inaonyesha seli zilizobaki, haisemi zinafanya kazi kiasi gani. Mkewe tayari anapiga hesabu za kuanika na kuuza dagaa.

Saa 8:00. Ugali na mgebuka.

Saa 9:00. Mama mmoja anayetumia haidroksiklorokwini kwa ajili ya lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe), zaidi ya miaka mitano sasa. Dawa hiyo inaweza kuumiza seli hizohizo kandokando ya kitovu kabla mgonjwa hajahisi lolote, ndiyo maana anapigwa picha kila mwaka. Mstari wake mzima. "Shikamoo mama, endelea na dozi yako, usiongeze." Anacheka.

Saa 11:00. Nahifadhi picha na kumaliza barua. Simu inaita: mvuvi wa asubuhi. Kesho anamleta mdogo wake, ambaye naye anasema anaona vizuri tu.